Harufu Haipiti kwenye Simu

PUA: Haloo? Haloo, unanisikia?

SHEMEJI: Nakusikia. Nani mwenzangu?

PUA: Ni mimi.

SHEMEJI: "Mimi" wako wengi mjini. Nani?

PUA: Mimi, shemeji. Kaka wa mumeo. Umefuta namba yangu?

SHEMEJI: Simu ilitumbukia kwenye beseni la mashuka. Namba zote zilikwenda na maji. Shikamoo.

PUA: Marahaba. Hamjambo hapo nyumbani?

SHEMEJI: Hatujambo.

PUA: Watoto?

SHEMEJI: Wakubwa wako shule. Mdogo amelala.

PUA: Na hiyo kazi ya kufua inakwendaje?

SHEMEJI: Nyumba ya wageni haikosi wageni, na wageni hawakosi uchafu; mashuka yao nayafulia hapa hapa nyumbani. Shemeji, una miezi minane hujanipigia. Umenipigia leo unijulie hali ya mashuka?

PUA: Hapana, nilikuwa nataka tu—

SHEMEJI: Kuna msiba?

PUA: Hakuna msiba.

SHEMEJI: Basi sema, maana nimeacha bomba linatiririka.

PUA: Nina swali la kazi. Dogo tu. La utumbo.

SHEMEJI: La nini?

PUA: Utumbo. Wa kujazia soseji.

SHEMEJI: [anacheka] Pua ananiuliza mimi swali la utumbo! Ngoja nifunge bomba. Hili nataka kulisikia vizuri.

[maji yanakatika]

SHEMEJI: Haya.

PUA: Yameletwa mapipa mawili. Utumbo wa kondoo, umelazwa kwenye chumvi. Hautoki kwa yule mzee wetu wa siku zote, yeye anaumwa mgongo. Huyu ni mtu mpya. Nimetoa mashada manne, nimeyaloweka. Sasa nataka kujua, wewe kwa uzoefu wako, mtu anaweza kujuaje kama umeharibika, mbali na... mbali na harufu.

SHEMEJI: Mbali na harufu.

PUA: Ee.

SHEMEJI: Kwani harufu imefanya nini?

PUA: Haijafanya kitu. Nataka njia nyingine tu. Ya kuhakikisha.

SHEMEJI: Watu wanakuita Pua. Jina lako la kuzaliwa hata bosi halijui. Ulikuwa unafungua pipa, unainama mara moja, unasema kondoo huyu alikuwa mzee na alikunywa maji ya mtaroni. Tunakucheka, lakini tunakuamini. Leo unataka njia nyingine?

PUA: Shemeji, salio langu ni dogo—

SHEMEJI: Basi inama unuse, uokoe salio.

PUA: [mtandao unakwaruza] ...nimeshanusa.

SHEMEJI: Ukasikia nini?

PUA: Kawaida.

SHEMEJI: Kawaida ipi? Utumbo wa chumvi una harufu yake hata ukiwa mzima. Ukiusuuza maji matatu, inaondoka. Mbovu hata ukiusuuza mpaka kesho, ule uchachu haubanduki. Wewe umesikia inayoondoka au isiyoondoka?

PUA: Si kali sana.

SHEMEJI: Sikukuuliza ukali. Mpe mwingine anuse. Yule dada mliyemweka mahali pangu.

PUA: Nimempa.

SHEMEJI: Anasemaje?

PUA: Aliniuliza mimi naonaje.

SHEMEJI: Ukamwambia?

PUA: Nikamwambia sema wewe, nakupima. Akasema, "Kama ulivyoona wewe, Pua."

SHEMEJI: Hee!

PUA: Ndiyo hivyo.

SHEMEJI: Na mimi ulikuwa unanipima. Mwaka jana wote. "Shemeji, njoo unuse hili, nakupima." Nikajiona mwanafunzi wa maana kweli kweli. Ngoja. Shemeji.

PUA: Naam.

SHEMEJI: Tangu lini?

PUA: Tangu lini nini?

SHEMEJI: Usinizungushe.

PUA: Kilo sitini za nyama zimeshasagwa. Zimetiwa viungo, ziko kwenye jokofu. Saa nane gari linakuja, soseji zinakwenda hospitali, wodi ya watoto. Unanielewa? Watoto, na ugonjwa juu yake. Nisaidie hilo kwanza, haya mengine—

SHEMEJI: Tangu lini?

PUA: Tangu ile homa.

SHEMEJI: Homa ya mwaka juzi?

PUA: Ile ile. Nilipona kila kitu, hii pua haikurudi. Mwanzo nilidhani mafua. Nikajifukiza, nikatia matone, wapi. Juzi jirani kaunguza sufuria la maharage, nyumba nzima wanakohoa, mimi nimekaa namenya chungwa.

SHEMEJI: Mkeo anajua?

PUA: Anadhani nimekuwa mpole. Siku hizi silalamikii chakula.

SHEMEJI: [anacheka, anaacha ghafla] Usinichekeshe. Sitaki kucheka na wewe.

PUA: Samahani.

SHEMEJI: Sasa nikusaidieje? Harufu haipiti kwenye simu.

PUA: Wewe uliza, mimi nitatazama.

SHEMEJI: [anapumua] Watoto wa hospitali hawajanikosea. Uko wapi?

PUA: Chumba cha kuoshea. Kwenye karo la mwisho, karibu na dirisha.

SHEMEJI: Karo langu.

PUA: Ee. Karo lako.

SHEMEJI: Uko peke yako?

PUA: Wenzangu wako nje, wanakunywa chai.

SHEMEJI: Chukua shada moja, chomoa utumbo mmoja. Tafuta ncha. Ivalishe kwenye mdomo wa bomba, fungulia maji taratibu. Taratibu, usiupasue.

PUA: Hilo nalijua, shemeji, nimelifanya miaka ishirini na—

SHEMEJI: Basi kata simu ufanye.

PUA: Nafanya, nafanya. [maji] Yanapita.

SHEMEJI: Upande wa pili yanatoka safi au kama yaliyooshea mchele?

PUA: Kama yaliyooshea mchele. Kidogo.

SHEMEJI: Kidogo yako naijua. Unavuja?

PUA: Tundu moja. Mawili. Na hili... matatu.

SHEMEJI: Una urefu gani?

PUA: Pima mbili hivi, mita tatu na kitu.

SHEMEJI: Matundu matatu kwenye pima mbili. Mm. Funga maji. Uvute kwa vidole kama unajaribu uzi.

PUA: Umekatika.

SHEMEJI: Umevuta kama unafunga mbuzi?

PUA: Nimevuta kama uzi! Ngoja huu mwingine... Nao umekatika.

SHEMEJI: Usugue kati ya vidole. Mzima unateleza kama hariri iliyolowa, na ukiusuuza vizuri unalia kidogo, kama glasi safi. Mbovu unateleza kama kipande cha sabuni, suuza usisuuze.

PUA: Sabuni. Lakini labda ni haya maji yetu. Labda nikiuloweka zaidi, na siki kidogo—

SHEMEJI: Siki inalainisha, haifufui. Sasa nenda kwenye pipa lenyewe. Toa mashada ya juu, tazama chumvi ya chini. Una mwanga?

PUA: Wa dirishani.

SHEMEJI: Liburuze pale, ulilaze.

PUA: [pipa linaburuzwa] Nimelilaza.

SHEMEJI: Chumvi ina rangi gani?

PUA: [kimya]

SHEMEJI: Haloo? Umepotea?

PUA: Nipo.

SHEMEJI: Rangi gani?

PUA: Unaijua.

SHEMEJI: Nataka uitaje wewe.

PUA: [mtandao unakwaruza] ...nki.

SHEMEJI: Sikusikii.

PUA: Pinki! Ina madoa ya pinki chini kote. Kama ile.

SHEMEJI: Kama ipi?

PUA: Kama ile ya harusi, shemeji.

SHEMEJI: Basi umepata jibu. Tupa. Fungua na la pili, likiwa hivyo tupa nalo. Karo mlisugue kwa maji ya moto. Kwaheri.

PUA: Usikate! Shemeji, nakuomba, usikate.

SHEMEJI: Kuna nini tena?

PUA: Siku ile uliniambia.

SHEMEJI: Nilikuambia nini?

PUA: Pipa la harusi. Uliniambia, "Chumvi ya chini ina pinki, na kitu hiki kinanuka uchachu."

SHEMEJI: Nilikuambia mbele ya nani?

PUA: Mbele ya wote.

SHEMEJI: Na wewe ukasemaje?

PUA: Nikasema... nikasema, "Hapa nani anaitwa Pua, mimi au wewe?"

SHEMEJI: Wakacheka.

PUA: Wakacheka.

SHEMEJI: Hata mimi nilicheka. Nikasema pengine mimi ndiye nisiyejua. Nikaosha mara nne, vidole vikanikunjamana kama vya bibi kizee. Tukajaza soseji mia tatu. Usiku wageni wakapigana vikumbo mlangoni mwa choo, bibi harusi akatundikiwa dripu na gauni lake mwilini. Asubuhi bosi akatupanga mstari, akauliza ni nani.

PUA: Shemeji—

SHEMEJI: Akauliza ni nani.

PUA: Sikutaja jina lako.

SHEMEJI: Hukutaja.

PUA: Nilisema tu utumbo ulikuwa mzuri, niliunusa mwenyewe, labda haukuoshwa sawasawa.

SHEMEJI: Kwenye karo siku ile tulikuwa waoshaji wangapi?

PUA: Mmoja.

SHEMEJI: Basi ulinitaja.

PUA: Nilidhani utapewa onyo. Naapa, onyo tu. Nikasema bosi akipoa nitamweleza. Wiki ikapita, nikasema mwisho wa mwezi. Kila asubuhi nikifunga aproni nasema leo. Nikiifungua jioni, sijasema. Halafu— salio linalia. Shemeji, nikikatika ujue si—

[simu inakatika]

[simu inaita]

PUA: Haloo?

SHEMEJI: Ni mimi. Hatujamaliza.

PUA: Asante. Asante sana. Sikia, nakuomba uje. Natuma pikipiki sasa hivi. Stoo kuna pipa la akiba, utumbo wa ng'ombe, bosi anasema wa kondoo ukishindikana tutumie huo. Mimi siwezi kulisemea. Uje unuse hilo moja tu.

SHEMEJI: Wa ng'ombe kwa mtoto mgonjwa? Unene ule? Atatafuna mpaka apone.

PUA: Ndio uliopo.

SHEMEJI: Si mviringe nyama kwa mikono bila utumbo, mkaange hivyo hivyo? Nani amewaambia mtoto wa wodini anadai ngozi ya soseji?

PUA: Hilo sikuliwaza.

SHEMEJI: Ulikuwa unawaza kujificha. Na nikija, nipitie mlango gani?

PUA: Vipi?

SHEMEJI: Nilitoka hapo nikiitwa mchafu. Nikirudi niseme nimefuata nini? Niseme Pua ana mafua?

PUA: Nitasema nimekuita unisaidie kidogo, kwa sababu kazi ni nyingi, halafu—

SHEMEJI: Unaona? Bado unatafuta mlango wa uani.

PUA: Wakijua nimekwisha, shemeji. Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliacha darasa la tano. Sina kitu kingine duniani zaidi ya hii pua.

SHEMEJI: Hata hiyo huna.

PUA: [kimya]

SHEMEJI: Nisamehe. Limenitoka.

PUA: Hapana. Ni kweli.

SHEMEJI: Unajua mdogo wako anafanya nini nikiosha mboga?

PUA: Anafanya nini?

SHEMEJI: Anachukua bakuli, anakwenda bombani, anaziosha tena. Hanuni, hasemi neno. Anaziosha jani moja moja, ananirudishia, ananiambia asante. Vikombe hivyo hivyo. Chupa ya mtoto hivyo hivyo. Miezi minane, shemeji. Mwanzo nilipiga kelele. Nikamweleza nilichokiona kwenye pipa. Unajua alinijibu nini?

PUA: Usiniambie.

SHEMEJI: Alinijibu, "Kaka amenilea tangu baba afariki. Sijawahi kumkuta na uongo." Basi. Juu ya hapo ningeweka neno gani?

PUA: [anapumua kwa nguvu] Sikujua.

SHEMEJI: Hukuuliza.

PUA: Niliogopa kuja. Mke wangu kila wiki ananiuliza mbona hatuendi kwa mdogo wako, namwambia kazi. Kazi gani, wakati Jumapili nzima nimelala natazama dari.

SHEMEJI: Wenzako wamemaliza chai?

PUA: Ndio wanaingia.

SHEMEJI: Waambie.

PUA: Sasa hivi?

SHEMEJI: Weka simu juu ya karo, weka sauti ya nje. Nataka kusikia.

PUA: Nipe mpaka jioni, nimwone bosi faragha, kiutu uzima—

SHEMEJI: Mimi nilifukuzwa faragha? Hayo mashada uliyoloweka yako wapi sasa?

PUA: Kwenye ndoo, karibu na— Yule dada ameshayachukua. Anavalisha kwenye mrija wa mashine.

SHEMEJI: Shemeji!

PUA: Dada! Dada, acha. Weka chini... Weka chini, nimesema, vua huo utumbo. Mama wa mashine, zima hiyo. Zima. Bosi, njoo na wewe. Njoo tu. [mashine inazima] Utumbo huu ni mbovu. Tazameni chumvi... Hapana, sikuunusa. Sinusi. Pua yangu haisikii kitu tangu ile homa ya mwaka juzi. Nimewaficha wote. Na lile pipa la harusi lilikuwa limeoza kabla halijafika kwenye karo. Shemeji aliliona, akaniambia mbele yenu, mimi nikafanya mzaha, mkacheka. Aliosha mara nne yule mwanamke. Aliyewalisha watu uozo ni mimi. Ndiyo hivyo. Yuko kwenye simu hapa.

SHEMEJI: [kimya]

PUA: Shemeji? Umesikia?

SHEMEJI: Nimesikia. Mbona kimya? Wanafanya nini?

PUA: Hawafanyi kitu. Wananitazama. Bosi amekaa juu ya kreti.

SHEMEJI: Na yule dada?

PUA: Analia.

SHEMEJI: Yeye analilia nini?

PUA: Sijui. Ngoja... Anasema alisikia uchachu tangu asubuhi, alipofunua tu kifuniko. Aliogopa akisema atafanywa kama wewe.

SHEMEJI: Mpe pole. Mwambie hiyo ndiyo pua. Awe anasema anachosikia, asikutazame usoni kwanza.

PUA: Nitamwambia. Bosi ananyoosha mkono, anataka kuongea na wewe.

SHEMEJI: Bosi angoje. Namba yangu anayo, atapiga, na mimi leo sijui kama nitapokea. Kuna mtu mmoja bado.

PUA: Najua. Jioni nitakuja. Nitakuja na mke wangu, tukae chini sote, tuongee kama—

SHEMEJI: Mpaka jioni utakuwa umeshayatia sukari. Yuko barazani anagonga soli. Nampelekea simu.

PUA: Muda wako utakwisha, shemeji, kupiga mchana ni ghali—

SHEMEJI: Nimejiunga dakika mia.

PUA: Shemeji, hawa ni watu wa kazi. Wananijua kwa kazi. Yule nimembeba mgongoni. Yule ni kama mwanangu.

SHEMEJI: Ndiyo maana. [mlango] Baba watoto! Weka nyundo chini. Futa gundi, shika hii. Kaka yako.

PUA: Ngoja, shemeji, ngoja kidogo nipange manen— Haloo? ... Marahaba. Marahaba, mdogo wangu. ... Hapana, hakuna msiba, sote wazima. Mkeo yuko hapo karibu? ... Mwambie asiende, asikie. ... Una nafasi? Kaa basi. ... Umekaa? ... Mdogo wangu, nilikudanganya.